Kushindwa na Aliye Karibu

Hivi ndugu msomaji, mtu akikushinda kwa sababu tu yuko karibu, amekushinda kweli?

Seva ya gemu ninayocheza iko Ulaya. Mimi niko Tabora. Nafyatua risasi, kumbe nilishakufa kitambo! Dawa za kuchelewa huko nimejaribu: nimeacha waifai nikachomeka waya kwenye ruta, nimemzuia mdogo wangu kupakua filamu nikiwa mchezoni. Nafuu ilipatikana. Kilichobaki ni njia yenyewe. Ndani ya nyaya za kioo mwanga hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Basi njia ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi, inakula sehemu ya kumi ya sekunde. Hapo ruta haina kosa.

Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, jirani na mji wetu, tangu Machi hadi Agosti akingoja watu kutoka pwani. Hakudhulumiwa, nchi ni pana. Lakini wafanyabiashara wa misafara walichagua kuweka maghala yao hapa Unyanyembe, katikati ya njia. Seva nayo haikuota kama mwembe, kuna aliyeamua ikae wapi. Watasema wachezaji wa huku ni wachache. Sasa nani atazoea gemu asiloweza kushinda?