Walezi wa Kiroho Ugenini



Neno letu ni Matendo ya Mitume 18:1-3 na 24-26. Akila na mkewe Prisila hawakutoka Rumi kwa kupenda. Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi waondoke, nao wakafunga mizigo wakaenda Korintho, halafu Efeso. Kwa ufupi walikuwa wakimbizi, na kazi yao ilikuwa kushona mahema. Sisi tuliopokelewa kwa turubai tunaielewa kazi hiyo!

Huko Efeso alifika Apolo, mtu wa Aleksandria, msemaji hodari anayeyajua Maandiko. Lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walipomsikia hawakumwaibisha mbele ya watu, wala hawakuenda kumsema pembeni. Walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu vizuri zaidi. Naye msomi akakubali kufundishwa na washona mahema. Sisi tuliopita chuo cha Biblia tuusome mstari huo polepole.

Wapendwa, kati yetu tunasikia mara nyingi neno hili: "Wazee wetu tuliwaacha nyumbani." Ni kweli. Wengine tuliwazika njiani, wengine hatujui waliko. Binti anaolewa bila shangazi wa kumfundisha. Kijana anabatizwa, na baada ya wiki mbili hakuna anayemwuliza kama bado anaomba. Mwishowe anapanda basi kwenda Kampala, nasi tunabaki kusema vijana wa siku hizi wameharibika. Ukimwomba mtu mzima amlee kijana huyo anajibu, "Nitampa nini, na mimi mwenyewe nangoja posho?"

Jibu liko Katwe, mtaa huo huo wa Kampala ambako baadhi ya vijana wetu hufikia. Wengi wanaujua kwa mafundi wake wa vyuma na kwa maji yanayoingia nyumbani mvua ikinyesha. Mwaka 2004 Robert Katende, akitumika katika huduma ya Kikristo ya michezo, aliona watoto wasiocheza mpira wakikaa pembeni tu. Akawaletea sataranji, mchezo ambao wengi huuita chesi. Watoto wengi walifuata uji. Tusiwacheke, maana hata kwetu wako waliokuja kwanza kwa ajili ya sabuni, na leo wanaongoza maombi.

Phiona Mutesi alifika akiwa na miaka 9 hivi. Hakuwa shuleni, alikuwa akiuza mahindi barabarani. Aliyemfundisha jinsi vipande vinavyotembea alikuwa msichana wa miaka 4. Fikirini, mtoto mkubwa kukaa chini afundishwe na mdogo! Alikubali. Mwaka 2010 alicheza Urusi katika Olimpiadi ya mchezo huo, na mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa huko Istanbul. Mwaka 2016 ikatoka filamu ya maisha yake, Queen of Katwe. Lakini sisi tunamtazama zaidi yule wa miaka 4. Hakuwa bingwa. Alikuwa ametangulia hatua chache tu, akazitoa hizo chache. Naye Katende hakufundisha siku moja akaondoka. Alikaa nao mwaka baada ya mwaka.

Basi mama unayejua kusamehe baada ya yaliyokupata vitani, unacho cha kumpa binti wa jirani. Baba uliyeacha pombe, vivyo hivyo. Nanyi vijana, msingoje mzee wa kabila lenu. Apolo hakuuliza Akila ametoka wapi.

Tunaomba kila mshirika mzima achukue kijana mmoja: mama kwa binti, baba kwa mvulana, na wakutane mahali pa wazi, si ndani ya nyumba iliyofungwa. Someni pamoja sura moja kwa wiki, kisha mwulize habari za nyumbani kwao. Kijana asiye na mtu asione haya kuja kusema. Majina tutayaandika Jumapili baada ya ibada, chini ya mti ulio karibu na kisima.