Thamani ya Kumaliza Mbio
Katika marathoni ya Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968, Mamo Wolde wa Ethiopia alitwaa dhahabu kwa muda wa saa 2 na dakika 20, ilhali John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka njiani na kuumia goti, alifika zaidi ya saa nzima baadaye, akiwa wa mwisho miongoni mwa wakimbiaji 57 waliomaliza. Je, tendo lisiloweza tena kuleta ushindi lina thamani gani? Aristotle alitofautisha uundaji, yaani kazi ambayo lengo lake ni kitu kilicho nje yake, kama nyumba kwa mwashi, na utendaji, yaani tendo ambalo kulitenda vyema ndilo lengo lenyewe. Wanaopima michezo kwa medali pekee huzihesabu mbio kuwa uundaji, na kwa kipimo hicho hatua za Akhwari zilikuwa bure. Yeye mwenyewe, hata hivyo, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Na kauli hiyo, inayostahili kusomwa kama hoja kamili wala si kama faraja ya aliyeshindwa, inaliweka lengo katika wajibu aliokabidhiwa, ambao bado uliweza kutimizwa hata baada ya nafasi zote tatu za medali kuchukuliwa.