Mtoto wa Mguu Uliopinda ni wa Nani?

Mtoto akizaliwa na nyayo zilizopinda, wengi huuliza kwanza, "Ni kosa la nani?" Sisi twaona swali hilo halinyoshi mguu. Lifaalo ni hili: nani atamsaidia, tena lini?

Samaki mkunje angali mbichi. Mganga Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, alionyesha ya kuwa mguu wa mtoto mchanga hunyoshwa polepole kwa mikono, hufungwa plasta, na plasta hubadilishwa kila juma, mara 5 au 6 hivi. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu miguu ya namna hii. Lakini baadaye mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma kila usiku, hata apate miaka 4 hivi. Na usiku mganga hayupo. Wapo wa nyumbani. Wakilegea, mguu waweza kupinda tena.

Basi kumficha mtoto kwa aibu ni kumnyang'anya majuma ambayo mguu wake ungali laini. Wala mzigo huu usiwe wa mama peke yake. Huku Mbinga, baba na atoe nauli katika fedha ya kahawa. Kule pwani ya Nyasa, bibi na abaki na ndugu zake wadogo, na jirani ampalilie mama muhogo siku za safari. Mtoto huyo ni wetu sote.