Muhuri Ulikuwa wa Ahabu

Andiko la kusoma: 1 Wafalme 21:1-16



Wengi wetu tukisoma habari za Nabothi tunakimbilia pale anapopigwa mawe. Leo tukae kidogo kwenye mstari wa nane, kwa maana shamba liliibwa hapo. Yezebeli aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia muhuri wa Ahabu, akazituma kwa wazee wa mji. Jina lilikuwa la kweli, na muhuri haukuwa wa kuchongwa. Barua ikawaagiza watangaze mfungo, na wakautangaza. Wizi ulikuja umevaa mavazi ya ibada! Maandiko hayatuambii kwamba kuna mzee hata mmoja aliyefunga safari kwenda kumwuliza mfalme, "Hii barua imetoka kwako kweli?"

Sasa shuka mstari wa kumi na nne. Barua zilikuja kwa jina la Ahabu, lakini majibu yalipelekwa kwa nani? Kwa Yezebeli. Wewe uliyesoma kwa haraka, rudi usome tena. Jina lililo juu ya barua ni moja, na mkono unaopokea majibu ni mwingine.

Mbona nayasema haya? Aprili 2023, Naivas ilitangaza kwamba mfumo wake umevamiwa na wadukuzi. Mapema 2025, BRS, ile ofisi ya serikali inayosajili biashara na kampuni, nayo ikakiri kwamba taarifa za kampuni zimetoka nje. Tukisikia hivyo tunasema hayo ni mambo ya Nairobi. Lakini mwenye posho mill Kiminini amesajili, mwenye duka Chwele amesajili, na kikundi cha boda pale Kanduyi kimesajili. Jina lako, imeili yako, namba yako ya simu na jina la biashara yako vikishatoka nje, bado hujapoteza hata shilingi moja. Ila muhuri umeshaingia mkononi mwa Yezebeli.

Mama mmoja wa tawi letu la Bungoma, mwenye agrovet, ameniruhusu niseme yaliyompata, bila jina. Alipokea imeili iliyomwita kwa majina yake yote matatu na kuitaja kampuni aliyosajili pamoja na shemeji yake. Ikamwambia taarifa zake zimevuja, na asipothibitisha ndani ya saa 24 kampuni itafutwa. Alipobonyeza, ukafunguka ukurasa wenye nembo ya serikali. Ukamwomba neno la siri la eCitizen, akaandika. Kisha ukamwomba namba ya M-Pesa na PIN. Hapo kwa PIN akasimama, akampigia binti yake simu. Usiku uleule wakabadilisha neno la siri la eCitizen na la imeili, maana alikuwa anatumia lilelile kotekote, kama ufunguo mmoja wa nyumba, duka na ghala.

Aliponisimulia, alikuwa bado anashangaa. "Lakini Pasta, walijua mpaka jina la shemeji!"

Mama, kujua jina la shemeji si ushahidi. Hilo ndilo neno langu lote la leo. Mtu akijua mambo yako, hiyo haimaanishi ametumwa na mwenye muhuri. Baada ya taarifa kuvuja, tapeli ndiye mtu wa kwanza kuja akikujua vizuri. Na mara nyingi anakuja na habari ya kweli, kwamba umeibiwa, halafu anakuomba ufunguo akusaidie kufunga mlango.

Wazee wa Yezreeli walitakiwa kumwendea Ahabu kwa njia waliyoijua wenyewe. Sisi vilevile. Imeili ikisema imetoka BRS au KRA, usipitie linki iliyo ndani yake. Funga. Fungua eCitizen mwenyewe kama unavyofungua siku zote, au panda matatu uende Huduma Centre, Kitale iko na Bungoma iko. Anwani ya serikali yetu huishia kwa .go.ke, kwa hiyo isome kuanzia mkiani. Hata hivyo usiitegemee hiyo peke yake, kwa maana jina la mtumaji linaweza kughushiwa. Malipo ya eCitizen huenda kwa paybill 222222, si kwa namba ya simu ya "afisa". Safaricom ikikupigia, inakupigia kwa 0722 000 000, na haiwezi kukuuliza PIN. Zile namba zinazoingia kwa SMS za kuthibitisha ni wewe, usizisome kwa mtu yeyote. SMS ya utapeli itume kwa 333, ni bure.

Kuna ndugu wa hapa Kitale ambaye hakusimama. Yeye ni mweka hazina wa kikundi. Aliambiwa kwa imeili kwamba usajili una kasoro na kuna ada ya kuurekebisha, akatuma pesa za mbolea za watu kumi na wanne kwa namba ya simu. Akanyamaza siku tisa, akifunga na kuomba zirudi. Sipingi maombi, mimi ni Mpentekoste. Lakini pesa ya M-Pesa iliyotumwa pabaya inapiganiwa dakika zilezile, kabla haijatolewa: unapeleka ile SMS ya muamala kwa 456, unapiga simu, unaenda polisi. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamfunga mtu wa hadaa hizi hadi miaka mitatu, lakini haiwezi kumfikia kama hakuna aliyeripoti.

Kilichomnyamazisha ni aibu. Aliogopa kanisa litasema ana tamaa, au kwamba hana roho ya kupambanua. Wapendwa, tuwe na kiasi. Nabothi hakuwa na tamaa. Alilinda urithi wa baba zake, na bado barua ikamwangusha. Kikundi kile kimekaa naye, na msimu huu wamepanda kwa mbolea ya kukopa. Bado wanazungumza, nami namshukuru Mungu kwa hilo.

Neno moja kwetu watumishi. Mchungaji anayekasirika akiulizwa maswali anamwandalia tapeli washirika watiifu. Ukipata ujumbe kwa jina langu au la Askofu unaoomba mbegu, sadaka au mchango wa dharura, tupigie kwa namba uliyo nayo tangu zamani. Uliza tu. Hatutakukemea.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, vijana watakaa na wazee nyuma ya kanisa Kitale, na Jumapili ijayo Bungoma, kuwasaidia kubadilisha maneno ya siri na kupiga *100*100# ili laini ya Safaricom isibadilishwe na mtu mwingine. Njoo na simu iliyo na chaji na kitambulisho. PIN uiandike mwenyewe, kijana ageuke pembeni, hata kama anaimba kwaya.