Hatari Ina Rangi, Haja Haina

Bibi ameanguka bafuni alfajiri. Wajukuu wamembeba kwa shuka, kila mmoja na pembe yake, na sasa yuko kwenye machela mbele ya muuguzi wa mapokezi ya dharura. Anaamkiwa shikamoo, anaitikia marahaba kwa sauti ile ile anayoitumia barazani kwake, na huku nyonga imevunjika. Muuguzi anapima: pumzi 16 kwa dakika, mapigo 88, presha 140 kwa 80, joto la kawaida, akili timamu. Upo mfumo wa kupanga wagonjwa uliotokana na kazi ya kikundi cha wataalamu wa Cape Town kuanzia mwaka 2004, nao umefika Ghana na Botswana. Kwa mfumo huo pumzi za bibi zina alama 1, kulala kwenye machela alama 2, kuumia alama 1. Jumla 4, na mfupa haujatoboa ngozi. Bibi ni wa njano. Anaweza kumsubiri daktari hadi saa nzima.

Jirani yake ni kijana wa bodaboda ambaye mfupa wa muundi umechungulia nje. Huyo ni wa rangi ya chungwa, aonwe ndani ya dakika 10.

Sina ugomvi na rangi hizo. Zinajibu swali moja, nalo ni zito: tukichelewa, nani ataharibikiwa kwanza? Swali hilo lina umri mkubwa kuliko karatasi zetu. Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, alishikilia kwamba majeruhi ahudumiwe kwa ukubwa wa jeraha lake, cheo kiwekwe kando. Kwetu, ambako mtu hafiki dirishani kabla hajatafuta namba ya simu ya shemeji anayefanya kazi humo ndani, kanuni hiyo bado ni ya kimapinduzi. Na tumeanza juzi tu. Idara ya tiba ya dharura ya hospitali ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010. Si ajabu tukajifunza kwanza kupima hatari.

Lakini kuna swali la pili: mtu huyu anamhitaji mtu mwenzake kiasi gani? Majibu ya maswali haya mawili hayafuatani. Kijana akishafungwa kidonda na kuchomwa sindano ya maumivu, anashika chupa ya maji mwenyewe, anapiga simu, anaita nesi kwa sauti ya stendi. Bibi hawezi kujigeuza. Anapewa maji, anasema hana kiu. Anapewa tena, anasema baadaye. Midomo imekauka mpaka inashikana, na bado anakataa. Anajua akinywa atabanwa na haja ndogo, na aliyesimama kichwani pake ni mjukuu wa kiume. Hakuna mashine inayosoma jambo hilo. Muuguzi mmoja mwenye macho analisoma: anawatuma vijana wakatafute faili, anavuta pazia, anainama. "Bibi, wametoka wote. Nikuletee bedpani?" Bibi anageuza uso ukutani. "Lete, mwanangu."

Dakika tano. Hazikuandikwa popote.

Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani aliyeorodhesha mahitaji 14 ya msingi ya binadamu, kuanzia kupumua hadi kujifunza, aliweka kazi ya uuguzi mahali ambapo wengi hawapatazami. Kwa maoni yake, muuguzi humfanyia mtu yale ambayo mtu huyo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi wa kutosha. Tukilifuata wazo hilo hadi mwisho, haja haimo ndani ya mwili kama homa ilivyomo. Imo kati ya ninachotaka kufanya na ninachoweza. Ndiyo maana mfupa ule ule wa nyonga hauzai haja ile ile kwa watu wawili. Na ndiyo maana mtu aliyekunywa sumu, akatapishwa, vipimo vyake vyote vikarudi kuwa vizuri, anaweza kuwa ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ukumbini: nguvu anazo, anajua la kufanya, nia ndiyo imemtoka. Ukimwacha peke yake kwa kuwa presha yake ni safi, umepima kitu kingine kabisa.

Waingereza wamejaribu kuipa haja namba. Wana chombo kinachoitwa cha Jones, chenye maeneo sita: mawasiliano; njia ya hewa, pumzi na mzunguko wa damu; kutembea; kula, kunywa, choo na usafi; usalama pamoja na mahitaji ya kiafya na kijamii; na la sita ni ile rangi ya mapokezi. Kila eneo lina alama 1 hadi 3. Rangi, ambayo kwetu ndiyo hukumu nzima, pale ni sehemu moja kati ya sita.

Fomu hiyo ikiletwa kwetu ilivyo, itakwama kwa ndugu wa mgonjwa. Ndugu ndiye anayegeuza, anayelisha, anayekimbilia duka la dawa, anayebadilisha pampasi, anayeishika dripu juu pale msumari unapokosekana. Kazi yake inaifunika haja kiasi kwamba hospitali haioni. Zamu ya usiku yenye wauguzi wawili inaonekana inatosha kwa sababu chini ya vitanda wamelala mabinti kumi ambao hawamo kwenye ratiba. Haja iliyotoshelezwa na binti haijafutika. Imelipwa tu, na aliyeilipa hana risiti, na pengine ameshafukuzwa kazi kwa kutoonekana siku tatu.

Kisha analetwa mtu aliyeokotwa barabarani. Faili linaandikwa "asiyejulikana". Hana wa kumshikia kikombe wala wa kusema kwamba sikio lake la kushoto halisikii. Hapo ndipo haja inapoonekana ukubwa wake halisi, yote kwa mpigo, kwenye mikono miwili ya sista mmoja.

Wapo wanaosema kumpigia mtu alama ni kumvua utu. Mimi naona kinyume chake. Pasipo alama, huduma huenda kwa mwenye sauti, na bibi wa marahaba hana sauti. Heri niwe mgonjwa wa alama 15 kuliko kuwa mgonjwa mtulivu. Ila namba hiyo iandikwe tena baada ya muda, maana aliyeingia akitembea saa mbili usiku anaweza kuwa wa kubebwa saa nne.

Linabaki swali ambalo sijapata kulimaliza: kuna faida gani kuijua haja ambayo huna mikono ya kuitimiza? Muuguzi anayepima kwa uaminifu usiku mmoja atapata jumla inayodai watu sita, na wako wawili. Asubuhi karatasi hiyo itakuwa mezani kwa mtu, ina tarehe na sahihi, na ataulizwa aliisoma lini. Nadhani ndiyo sababu fomu za namna hii hazipendwi sana na washika bajeti.