Huruma Haifunzwi kwa Adhabu

Katika Krynn, ulimwengu wa mchezo wa Dragonlance uliotoka Marekani mwaka 1984, mnara wa Wayreth umefichwa na msitu unaomchagua mgeni wake. Humo wachawi wa kanzu nyeupe, nyekundu na nyeusi huwapa wanafunzi mtihani, na anayeshindwa hufa. Mwanafunzi mmoja, Raistlin, alifaulu, akatoka na kikohozi cha damu na macho yanayoona kila kiumbe kikichakaa. Mkuu wa wachawi, Par-Salian, alikusudia macho hayo yamfunze huruma. Hayakumfunza, alikuja kutamani uungu. Mimi ni mwalimu wa madrasa, na vijana ninaocheza nao mchezo huu huniuliza kama wachawi wale walikuwa na haki. Nawajibu: elimu nzito ichungwe, lakini mwanafunzi hujifunza huruma kwa kuhurumiwa.