Hapo Tu

Mgeni aulizaye njia katika vijiji vya Shinyanga aghalabu hujibiwa: "Si mbali, ni hapo tu." Baada ya saa tatu za mwendo huanza kujiuliza kama aliongopewa. Suala laonekana dogo. Lakini anayemkadiria mwenziwe safari humkadiria pia maji, jua na nguvu za miguu.

Mwaka 1892 Mskochi William Naismith alitoa kanuni ya wapanda milima: takriban kilomita 5 kwa saa, na nusu saa zaidi kwa kila mita 300 za kupanda. Kanuni hiyo yafaa kwao. Usukumani, hata hivyo, kinachochosha zaidi si mlima bali ni udongo. Mabonde ya udongo mweusi hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, yakapitika; mvua ikinyesha, tope hung'ang'ania nyayo, na kila hatua ikawa mzigo. Upande wa Geita kuna vilima vya mawe, na penye machimbo yaliyoachwa kuna mashimo ambayo mwenye busara hayakaribii usiku. Njia ni ile ile, saa ni mbalimbali.

Watu wa misafara walilijua hilo. John Hanning Speke alipoondoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Julai 1858, alilifikia ziwa huko Mwanza tarehe 3 Agosti. Siku zile hazikupimwa kwa miguu yake peke yake. Zilipimwa kwa miguu ya wapagazi waliobeba mizigo, ingawa vitabu humtaja zaidi yeye.

Basi mchunga ng'ombe asemaye "hapo tu" hakusema uongo. Amempima mgeni kwa miguu yake mwenyewe. Wapo pia wasemao hivyo kwa huruma, ili aliyechoka asikate tamaa. Kwa kijana mwenye afya, huruma hiyo yavumilika. Kwa mama aliyebeba mtoto mwenye homa, anayeamua kama aende zahanati jioni hii au asubiri alfajiri, ni huruma ya hatari. Na afisa apimaye umbali wa zahanati hiyo kwa rula juu ya ramani hana hata udhuru wa huruma.

Mzee ajuaye njia hajibu upesi. Humtazama mgeni miguuni, hutazama mawingu, kisha naye huuliza: "Umebeba nini, na uko na nani?"